Kura za Chini ya Karatasi: Uchaguzi wa Kaunti Marekani Katikati ya Muhula wa Rais

Msomaji wa Afrika Mashariki anayefuatilia siasa za Marekani husikia sana habari za Ikulu na za Bunge la Washington, na ni nadra kusikia habari za kaunti, ingawa kaunti ndiyo inayomweka mahabusu mtu ambaye kesi yake haijasikilizwa, inayotunza hati za ardhi, inayozuia mafuriko yasiingie majumbani na, jambo lenye uzito kuliko yote, inayoendesha uchaguzi wenyewe na kuzihesabu kura. Nchi hiyo ina kaunti zaidi ya 3,000, na jimbo la Texas peke yake lina 254. Viongozi wengi wa kaunti hizo huchaguliwa katika mwaka wa katikati ya muhula, yaani mwaka ambao Rais ametimiza takriban miaka miwili kati ya minne ya kipindi chake na jina lake halimo katika karatasi ya kura. Siku hiyo, ambayo kisheria ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, wananchi huchagua wajumbe wote 435 wa Baraza la Wawakilishi, takriban theluthi moja ya maseneta 100 na magavana wa majimbo 36, kisha, chini kabisa ya orodha ambayo wengi huwa wamekwisha kuichoka, huwachagua watu watakaoiongoza kaunti yao.

Msomaji wa Kenya anapaswa kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu kaunti za Marekani si sawa na kaunti 47 anazozijua. Kaunti za Kenya zimeundwa na kulindwa na Katiba ya mwaka 2010, na gavana na wawakilishi wa wadi huchaguliwa siku ileile anayochaguliwa Rais. Tanzania kwa upande wake imetenga siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ilivyofanya Novemba 2019 na Novemba 2024, lakini siku hiyo huja mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, wakati muhula unakaribia kwisha. Katiba ya shirikisho ya Marekani, kwa upande mwingine, haiitaji kaunti hata mara moja. Kaunti ni chombo cha jimbo, nalo bunge la jimbo linaweza kukiongezea mamlaka, kukipunguzia au kukivunjia ofisi. Ndiyo maana sura za serikali hizo hutofautiana mno: Louisiana huziita parokia, Connecticut na Rhode Island hazina serikali za kaunti kabisa, na Texas ina utaratibu wake ambao ulipangwa na katiba ya jimbo ya mwaka 1876 na ambao hadi leo haujabadilika sana.

Ili kuyaelewa matokeo ya chaguzi hizi ni afadhali kukaa na kaunti moja, na kaunti inayofaa zaidi ni Harris, ulipo mji wa Houston, ambayo katika sensa ya mwaka 2020 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4.7 na ni ya tatu kwa wingi wa watu nchini humo. Ni kaunti ya wahamiaji wengi, na karatasi zake za kura huchapishwa kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Huongozwa na baraza la watu watano linaloitwa mahakama ya makamishna, ingawa kazi yake kubwa si kuhukumu kesi bali ni kupitisha bajeti, kupanga kodi ya majengo na ardhi, na kusimamia barabara, hospitali ya umma na gereza. Mwenyekiti wake huitwa jaji wa kaunti, na katika kaunti kubwa kama Harris huwa hasikilizi kesi hata kidogo, kwani yeye ni mtendaji mkuu na kiongozi wa shughuli zote za maafa. Jaji wa kaunti huchaguliwa na wapiga kura wote wa kaunti kila baada ya miaka minne, katika mwaka wa katikati ya muhula. Makamishna wanne huchaguliwa kila mmoja katika eneo lake, wawili katika mwaka huo na wawili katika mwaka wa uchaguzi wa Rais.

Mwaka 2018 kiti cha jaji wa kaunti kilikuwa mikononi mwa Ed Emmett wa chama cha Republican, aliyekishika tangu 2007 na aliyeheshimiwa na watu wa vyama vyote viwili kwa namna alivyoongoza wakati wa kimbunga Ike mwaka 2008 na kimbunga Harvey mwezi Agosti 2017, ambacho katika baadhi ya maeneo ya kaunti hiyo kilimwaga mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa siku chache na kuingiza maji katika maelfu ya nyumba. Mwaka mmoja baada ya Harvey, yeye na wenzake waliwaomba wananchi kibali cha kukopa dola bilioni 2.5 kwa ajili ya kuzuia mafuriko, nao wakakubali kwa wingi mkubwa sana. Mpinzani wake, Lina Hidalgo wa chama cha Democratic, alikuwa na umri wa miaka 27, alizaliwa Colombia, alihamia Marekani akiwa kijana, na hakuwa amewahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Uchaguzi wa tarehe 6 Novemba 2018 ulipokwisha, Hidalgo alikuwa amemshinda Emmett kwa kura 19,000 hivi, kati ya zaidi ya milioni moja zilizopigwa.

Sababu kubwa ya ushindi huo haikuwa mafuriko wala bajeti. Texas wakati huo bado iliruhusu kura ya chama kizima, yaani mpiga kura aliweza kuchagua chama mara moja juu ya karatasi na kura yake ikahesabiwa kwa kila mgombea wa chama hicho hadi nafasi ya mwisho. Mtanzania aliyewahi kuombwa kura za mafiga matatu, au Mkenya aliyeshauriwa kupiga kura ya suti, ataelewa mara moja, isipokuwa kwamba Harris haikuwa na mafiga matatu bali nafasi nyingi mno, nyingi kati yake zikiwa za majaji wa mahakama. Takriban robo tatu ya wapiga kura wa Harris walitumia njia hiyo mwaka 2018, na waliochagua Democratic waliwazidi waliochagua Republican kwa zaidi ya 100,000. Kilichowaleta vituoni kwa wingi kilikuwa ni hasira au mapenzi juu ya Rais Donald Trump, pamoja na mchuano wa Seneti ambamo Beto O'Rourke alimpita Ted Cruz kwa mbali sana katika kaunti hiyo, ingawa Cruz ndiye aliyeshinda katika jimbo zima. Kitaifa, kiwango cha kujitokeza kilifika takriban nusu ya watu wenye haki ya kupiga kura, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa katika uchaguzi wa aina hiyo tangu 1914; miaka minne kabla yake kilikuwa kidogo zaidi ya theluthi moja tu. Ukweli kwamba Emmett alibakiza pengo la kura 19,000 pale ambapo chama chake kilizidiwa kwa zaidi ya 100,000 unaonyesha kwamba wananchi wengi waliivuka mipaka ya chama kwa ajili yake, na bado hilo halikumwokoa. Ni vigumu kuliita jambo hilo haki kwa mtu aliyepaswa kupimwa kwa kazi yake ya kaunti, lakini ni vigumu vilevile kulisikitikia pale mtu anapoona yaliyofuata.

Yaliyofuata yalihusu dhamana. Mwaka 2016 mwanamke mmoja wa Houston alikamatwa kwa kuendesha gari akiwa na leseni iliyosimamishwa, akatakiwa alipe dhamana ya dola 2,500, na kwa kuwa hakuwa nazo akabaki mahabusu, wakati mtu mwenye fedha aliyeshtakiwa kwa kosa hilohilo angerudi nyumbani siku ileile. Kesi iliyofunguliwa kwa jina lake na la wengine ilifika mahakama ya shirikisho, ambayo mwaka 2017 ilisema kwamba utaratibu wa Harris wa kuwazuilia watuhumiwa wa makosa madogo kwa sababu ya umaskini wao unavunja Katiba. Hata hivyo kaunti, pamoja na majaji wengi wa makosa madogo, iliendelea kuutetea utaratibu huo mahakamani kwa gharama ya mamilioni ya dola. Majaji hao nao huchaguliwa na wananchi, na karibu wote huchaguliwa katika mwaka wa katikati ya muhula. Mwaka 2018 nafasi zao zote zilizogombewa zilikwenda kwa Democratic, na katika mahakama za kaunti hiyo kwa ujumla wanawake Weusi 17 walichaguliwa usiku mmoja. Pamoja na ushindi wa Hidalgo, kamishna mmoja wa Republican aliangushwa na Adrian Garcia, aliyewahi kuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi na gereza la kaunti, na baraza likawa na watatu wa Democratic dhidi ya wawili. Kwa kura hizo tatu dhidi ya mbili kaunti ilikubali, mwaka 2019, kuimaliza kesi kwa maridhiano, na watuhumiwa wengi wa makosa madogo wakaanza kuachiwa bila kudaiwa fedha. Wengi waliochagua chama kizima siku ile hawakuwa na habari kwamba mkono wao ulikuwa unafungua pia mlango wa mahabusu, na hapo ndipo penye uzito wote wa uchaguzi wa kaunti.

Matokeo ya aina hii pia huzaa matokeo mengine. Sheria ya Texas inasema kwamba mahakama ya makamishna inaweza kukutana wakiwapo watu watatu, lakini akidi ya kupanga kodi ni watu wanne. Makamishna wa Republican, ambao walikuwa wawili nyakati zote mbili, waliitumia kanuni hiyo mwaka 2019 na tena 2022: walisusia vikao vya kodi, na watatu waliokuwapo hawakuweza kupandisha kiwango. Waliosusia walisema wanamlinda mlipa kodi, na wenzao walisema wanainyima kaunti fedha za polisi na hospitali. Kwa vyovyote vile, wachache walikuwa wameshika turufu. Lakini walio wengi walikuwa na turufu yao pia, kwa sababu baada ya sensa ya 2020 wao ndio waliochora upya mipaka ya maeneo ya makamishna. Katika mipaka hiyo mipya, tarehe 8 Novemba 2022, Lesley Briones wa Democratic alimshinda mmoja wa wale wawili, Jack Cagle, baraza likawa na wanne kwa mmoja, na njia ya kususia ikafa.

Uchaguzi huohuo wa 2022 ulikuwa wa kwanza wa jaji wa kaunti tangu kura ya chama kizima ilipofutwa, kwa sheria iliyopitishwa 2017 na kuanza kutumika 2020. Sasa kila nafasi ilibidi iwekewe alama yake, na nafasi zilizokuwamo zilikaribia 100. Hidalgo alimshinda Alexandra del Moral Mealer kwa kura 18,000 hivi, pengo karibu sawa na la 2018, ilhali O'Rourke, ambaye safari hii aligombea ugavana na kushindwa jimboni, aliongoza Harris kwa tofauti kubwa kuliko yake. Inaelekea basi kwamba kufutwa kwa njia ya mkato hakukuondoa mvuto wa vyama. Kilichofanyika ni kumpa mpiga kura nafasi ya kutenganisha, na baadhi yao waliitumia.

Siku ile pia vituo kadhaa viliishiwa karatasi za kura. Wagombea wa Republican zaidi ya 20 walioshindwa walikwenda mahakamani. Mealer mwenyewe alifungua kesi kisha akaiondoa. Jaji aliyezisikiliza aliona makosa mengi ya uendeshaji, lakini katika kesi ya kwanza aliyoitolea hukumu hakuona kwamba yalitosha kubadili matokeo. Katika kesi nyingine, iliyohusu nafasi ya ujaji iliyoamuliwa kwa kura 449 tu, aliamuru mwaka 2024 uchaguzi urudiwe. Bunge la jimbo, lenye wengi wa Republican, halikungoja hukumu hizo. Mwaka 2023 lilipitisha sheria ya kuifuta ofisi ya msimamizi wa uchaguzi katika kaunti zenye watu zaidi ya milioni 3.5, na katika Texas nzima kaunti yenye idadi hiyo ni Harris peke yake. Hapo ndipo ilipoonekana wazi maana ya kuwa chombo cha jimbo: wananchi zaidi ya milioni moja walipiga kura kuamua nani aiongoze kaunti, na wabunge walioketi Austin, mji mkuu wa jimbo, wakaamua ofisi gani kaunti hiyo isiwe nayo.

Mwaka huohuo wa 2022, katika jimbo la Arizona, kaunti ndogo ya Cochise ilionyesha upande mwingine wa hatari. Kura zikishahesabiwa, baraza la wasimamizi wa kaunti huyahakiki matokeo na kuyaidhinisha kabla ya kuyapeleka jimboni, kazi ambayo kisheria ni wajibu wala si hiari. Wawili kati ya wasimamizi watatu wa Cochise, wote wa Republican, waliiacha tarehe ya mwisho ipite bila kuidhinisha, kwa madai juu ya mashine za kuhesabia ambayo hayakuthibitishwa. Kura 47,000 hivi za wananchi wao zingeachwa nje ya hesabu, na chama ambacho kingeumia zaidi ni chao wenyewe, kwa kuwa angalau kiti kimoja cha Baraza la Wawakilishi kilichokwenda Republican kilizitegemea. Tarehe 1 Desemba mahakama iliwaamuru wakutane siku hiyohiyo, na matokeo yakaidhinishwa.

Harris itarudi kumchagua jaji wa kaunti tarehe 3 Novemba 2026. Karatasi ileile itakuwa na nafasi ya karani wa kaunti, ambaye, tangu ile ofisi ya msimamizi ifutwe, ndiye anayefungua vituo, anayegawa karatasi na anayehesabu kura, huku orodha ya wapiga kura ikitunzwa na ofisa wa kodi wa kaunti, ambaye naye huchaguliwa kwa tiketi ya chama.