SHULE ZINAFUNGULIWA: JE, MFANYAKAZI WA SHULE YUKO TAYARI?

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Kila mwaka unapofika mwezi wa Septemba, nyumba zetu zote hushughulika na jambo moja: madaftari, kalamu, na sare ya kaki au ya buluu. Mwenzetu wa kiwanda cha bia au cha kukoboa kahawa mjini Gitega, na mwenzetu anayechuma kahawa kwenye vilima vya Muyinga, hupiga hesabu ile ile na kupata jibu lile lile: pesa haitoshi. Kahawa huanza kuvunwa mwezi wa Machi. Septemba ikifika, pesa yake imekwisha kuliwa na chakula na madeni.

Lakini leo hatuandiki juu ya madaftari. Tunaandika juu ya yule anayempokea mtoto wetu mlangoni mwa darasa, na wale wanaofagia, wanaopika na wanaolinda shule usiku. Hao nao ni wafanyakazi. Wasipokuwa na ujuzi na afya, daftari jipya halitamsaidia mtoto wa mnyonge.

KAZI IMEBADILIKA MARA TATU

Tangu mwaka 2005 kazi ya mwalimu wa Burundi imebadilishwa mara tatu.

Mara ya kwanza ni mwaka 2005, serikali ilipofuta karo ya shule za msingi. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi wafanyakazi tulifaidika nalo. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wakaingia shuleni kwa wingi. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ile ile, wala walimu. Mpaka leo ziko shule ambamo mwalimu mmoja hufundisha kundi la asubuhi, kisha hufundisha jingine mchana, na kuna madarasa yenye watoto zaidi ya 100.

Mara ya pili ni wakati Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2007. Katika miaka hiyo Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mwalimu ambaye yeye mwenyewe hakuvisoma alipoingia shule akaambiwa avifundishe.

Mara ya tatu ni mwaka 2013, shule ya msingi ilipofanywa kuwa ya miaka 9, ile tunayoiita ECOFO. Masomo yakapangwa upya, vitabu vikabadilika, na wengi wa walimu wakapewa semina fupi tu kabla ya kuanza.

Sasa sisi wa kiwandani tujiulize. Mashine mpya ikiletwa, je, fundi huambiwa tu, "Haya, iendeshe"? Akiambiwa hivyo, anaweza kukatwa kidole, na mashine itaharibika. Kwa hiyo tunadai mafunzo kwanza. Mwalimu hana mashine ya kuharibika. Anachoweza kuharibu bila kutaka ni masomo ya mtoto, na hasara hiyo haionekani siku ile ile. Huonekana baada ya miaka sita, kijana anaposhindwa kusoma mkataba wake wa kazi.

SEMINA SI ZAWADI

Wako wanaodhani kwamba semina ni zawadi ya direkta kwa mwalimu anayempenda. Si kweli. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, mataifa yalipitisha Mapendekezo juu ya Hali ya Walimu, yaliyotayarishwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani. Ndiyo sababu tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani. Mapendekezo hayo yanasema mambo matatu yanayotuhusu hapa. Kwanza, mafunzo ya walimu walio kazini yawepo kwa wote, tena bila malipo, na vyama vyao vishauriwe katika kuyapanga. Pili, mwalimu apimwe afya kila baada ya muda, bila malipo. Tatu, idadi ya watoto darasani imwezeshe mwalimu kumtazama kila mtoto.

Burundi tumekwisha kuona kwamba mafunzo yanaweza kumfuata mwalimu aliko. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi nne za kwanza, pamoja na Benin, Haiti na Madagascar, kujaribu mpango wa IFADEM wa kuwafundisha walimu wa shule za msingi kwa mbali. Mwalimu hubaki kwenye shule yake, husoma vijitabu, na hukutana na mkufunzi na wenzake kwa siku maalumu. Hilo lina maana kubwa. Kutoka Gitega mpaka Bujumbura ni karibu kilomita 100, na kutoka Muyinga ni mara mbili ya hiyo. Katika miaka hii ya upungufu wa petroli, nauli imekuwa mzigo. Semina inayomtaka mwalimu ajilipie safari ni semina ya wenye uwezo tu.

Tena kuna msaada ulio karibu ambao hautumiki. Katika Gitega na Muyinga wamo wazee, mama wauza soko na madereva wanaosema Kiswahili safi tangu utotoni. Hawana diploma, lakini mwalimu anayetaka kuzoea lugha anaweza kuzungumza nao jioni bila kulipa hata faranga moja. Elimu haina mwisho, na haitoki kwenye vitabu peke yake.

AFYA NDIYO MTAJI

Mfanyakazi wa shamba mtaji wake ni mgongo na mikono. Mtaji wa mwalimu ni sauti. Mwenye kupaza sauti mbele ya watoto 80 saa sita kwa siku huumia koo kama vile mchimbaji anavyoumia mgongo. Anywe maji mara kwa mara. Atumie kupiga makofi au filimbi kunyamazisha watoto badala ya kupiga kelele. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye maji ili vumbi la chaki lisiruke. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, aende kwa daktari, asingoje.

Tusisahau pia magonjwa yetu sote. Mwaka 2017 serikali ilitangaza mlipuko wa malaria nchini. Mwaka 2020, nchi nyingi zilipofunga shule kwa sababu ya korona, shule za Burundi ziliendelea, na walimu waliingia katika madarasa yaliyojaa kila siku. Chandarua nyumbani kwa mwalimu na maji ya kunawa shuleni ni vyombo vya kazi, sawa na glavu na buti kwetu.

Mwalimu wa serikali ana Mutuelle de la Fonction Publique, iliyoanzishwa mwaka 1980, inayobeba sehemu kubwa ya gharama za matibabu. Lakini kadi ya mtoto ambaye hakuandikishwa haimtibu mtoto. Jina lisipoandikwa vizuri, mtu hurudishwa mlangoni.

ZAMU NA MPISHI

Na sasa tuseme lile linalotuhusu sisi wenyewe, wazazi. Katika shule nyingi zamu wa usiku hulipwa kwa michango ya wazazi. Katika shule zenye kantini, na Gitega na Muyinga zimo kati ya sehemu zinazosaidiwa na Shirika la Chakula Duniani, mama wapishi huamka kabla ya jua na kukaa kwenye moshi mpaka mchana. Wengi wao hawana karatasi yoyote ya kazi. Wakiungua au wakiugua, hupewa pole tu.

Je, ni nani tajiri wao? Ni kamati ya wazazi. Maana yake ni mimi na wewe! Kiwandani tunamwambia tajiri: mkataba, mshahara kwa tarehe, kuandikishwa INSS. Sheria ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020 tunaijua. Haifai haki tunayoidai mchana kiwandani tuinyime usiku kwa zamu wa shule ya watoto wetu.

TUFANYE NINI?

1. Katika mkutano wa kwanza wa wazazi, kila mwanachama aulize: walimu wetu walipata mafunzo gani mwaka uliopita, na watapata gani mwaka huu?

2. Kamati iandike majina ya zamu na wapishi, kazi yao, malipo yao na tarehe ya kulipwa. Karatasi mbili: moja ya kamati, moja ya mfanyakazi. Kisha iulize INSS namna ya kuwaandikisha.

3. Jiko la kantini liwe na njia ya kutolea moshi. Tunao mafundi wa kulijenga; wajitolee siku moja.

4. Mwaka 2025 mikoa ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Kila mfanyakazi wa shule ahakikishe faili lake liko ofisi gani, na kadi za watoto wake ni sahihi.

5. Walimu wana vyama vyao. Burundi iliridhia Mkataba Namba 87 wa uhuru wa kuunda vyama mwaka 1993. Wakidai mafunzo na matibabu, tusiseme, "Hayo ni mambo ya wasomi." Tuwaunge mkono kama tunavyotaka wao watuunge mkono.

Ndugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu akichoka, anayepata hasara si mtoto wa tajiri, ambaye baba yake atamlipia mwalimu wa nyumbani. Ni mtoto wako na wangu. Basi kengele ya Septemba ikilia, tumpeleke mtoto shuleni, na sisi wenyewe tuingie mkutanoni.

Umoja ni nguvu!