Paka aliyegongwa na gari asipewe dawa ya binadamu

KATIKA mtaa wa Chaani, eneo la Changamwe, Mombasa, ambako hupita malori ya makontena yanayohudumia bandari, si ajabu paka wa nyumbani kurejea akiburura mguu baada ya kugongwa. Mwenye kumpenda hukimbilia dawa zilizomo nyumbani, na hapo hatari ya pili huanza.

Paracetamol, ambayo wengi huijua kwa jina la Panadol, ni sumu kwa paka. Ini lake limepungukiwa na vimeng'enya vya kuivunjavunja, hivyo sumu huharibu chembe nyekundu za damu, zikashindwa kubeba oksijeni. Tembe moja ya miligramu 500 yaweza kumuua paka wa kilo 4. Fizi zikigeuka kijivu au kahawia, au uso ukivimba, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Aspirini na ibuprofeni nazo ni hatari. Daktari ana dawa za maumivu zinazomfaa paka.

Dettol pia isitumiwe kidondani, kwa kuwa paka atailamba. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi, yanatosha kuosha. Nzi wazuiwe, maana katika joto la Pwani hutaga mayai kidondani na mabuu yakatokea upesi.

Baada ya matibabu, paka afungiwe katika chumba kidogo chenye hewa, pasipo na kitu cha kurukia. Mfupa uliovunjika huhitaji wiki kadhaa, na paka anayeonekana mchangamfu si lazima awe amepona.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Paka asipokula kwa siku 2 au 3, mafuta ya mwili huanza kurundikana katika ini na yaweza kumuua ilhali kidonda kinapona. Apewe samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba, vuguvugu ili harufu imvutie, bila chumvi wala kitunguu, ambacho nacho ni sumu kwake.

Mwenye nyumba achunguze pia mchanga anaojisaidia. Mkia ukining'inia bila nguvu, huenda mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu imeumia. Ikipita siku nzima bila mkojo, hiyo ni dharura.

Mwisho, mnyama mwenye maumivu huuma hata mkono unaomlisha. Amfungiaye bendeji amzungushie taulo kwanza. Akiumwa au kuparuzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hasa ikiwa paka hajachanjwa au alijeruhiwa na mbwa. Kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo, lakini dalili zikishajitokeza hakina tiba.