Diski ya Pili Inapogoma Kuwasha Mfumo wa Unix

Kompyuta inayotumia biosi haijui Unix ni nini. Inapowashwa husoma sekta ya kwanza ya diski iliyopewa kipaumbele, yenye baiti 512, na kuikabidhi kazi programu ndogo iliyomo, ambayo kwa kawaida haizidi baiti 446 kwa sababu baiti 64 zinazofuata ni za jedwali la vigawanyo vya diski. Programu hiyo huita kipakizi, nacho huingiza kwenye kumbukumbu keneli, yaani kiini cha mfumo.

Skrini ikibaki nyeusi, hitilafu imetokea kabla ya keneli, na mara nyingi diski ya pili imenakiliwa faili zake tu, ilhali sekta ya kwanza si faili na haiandamani nazo. Hilo halisumbui sana. Kinachotatanisha ni pale keneli inapoanza vizuri, mistari ikapita mbio kwenye skrini, kisha mfumo, kwa mfano FreeBSD, ukasimama kwenye neno «mountroot>». Hapo diski huwa nzima. Kilichobadilika ni jina lake. FreeBSD huziita diski za SATA ada0, ada1 na kuendelea, hivyo diski iliyokuwa peke yake wakati wa kusimika mfumo iliitwa ada0, lakini sasa ikiwa ya pili inaitwa ada1, na faili ya /etc/fstab, inayoorodhesha vigawanyo vya kupachikwa kwenye mti wa saraka, bado inautafuta mzizi kwenye /dev/ada0s1a, mithili ya mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyeji wake amekwisha kuhama. Balaa zaidi ni diski ya kwanza kuwa na FreeBSD yake, kwa kuwa keneli ya diski ya pili inaweza kuupachika mzizi usio wake bila kulalamika.

Kuandika alama ya «?» hapo huonyesha diski zinazotambulika, na kuandika «ufs:/dev/ada1s1a» huuwezesha mfumo kuendelea, ndipo fstab irekebishwe. Busara, hata hivyo, ni kukipa kigawanyo lebo kwa amri ya «tunefs -L» wakati hakijapachikwa kwa kuandikwa, kisha fstab itaje /dev/ufs/mzizi, jina lisilojali waya uliochomekwa diski. Ila diski iliyonakiliwa baiti kwa baiti hubeba lebo ileile, na zikikaa zote mbili ndani ya kompyuta moja utata hurudi palepale.