Kung'arisha magari Natta: Pedi laini kwanza, polishi kali baadaye

GARI linaloingia Natta wakati wa kiangazi ni vigumu kuitambua rangi yake. Iwe Noah ya abiria kutoka Musoma au Land Cruiser ya watalii iliyotoka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kupitia geti la Ikoma, ikisimama huwa imevaa vumbi kuanzia bampa hadi paa.

Vumbi hilo ni kero kwa wenye magari, lakini kwa vijana wenye ndoo, pampu na sabuni ni riziki. Kuosha magari ni miongoni mwa kazi chache ambazo kijana wa wilayani Serengeti anaweza kuzianza bila mtaji mkubwa, tena bila kusubiri mvua kama anavyosubiri mwenye shamba la mahindi au mtama.

Anayetaka kupanua kazi hiyo huishia kufikiria kung'arisha, yaani kuondoa ukungu na mikwaruzo midogo ili rangi irudi kama ilivyokuwa. Malipo yake ni makubwa kuliko ya kuosha na hakuna haja ya karakana. Kinachotakiwa ni mashine, pedi, polishi, kivuli na mkono usio na pupa.

Kasoro ni kwamba wengi huanza kwa kununua chupa yenye maneno makali kuliko zote dukani. Chupa ya namna hiyo ndiyo huharibu gari la mteja wa kwanza.

Polishi haiongezi kitu, inapunguza

Ikumbukwe kwamba rangi ya gari ni tabaka kadhaa. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa, kwa magari mengi ya miaka ya karibuni, kuna klia. Hiyo klia ndiyo inayong'aa na ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua.

Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 60 hivi. Mikroni 1 ni sehemu ya 1,000 ya milimita, na unywele wa mtu hukaribia mikroni 70. Maana yake ni kwamba kinga yote ya gari ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Polishi ni unga mgumu uliosagwa kwa ulaini na kuchanganywa na vilainishi. Inapopitishwa juu ya klia hufanya kazi ileile ya randa kwenye ubao: hukwangua kidogo mpaka uso uwe sawa na kina cha mkwaruzo. Kila gari linaponga'rishwa, kiasi fulani cha klia huondoka na hakirudi. Mwenye gari ana akiba ya mara chache tu za kulipiga polishi kali katika maisha yake yote.

Klia ikiisha hakuna chupa ya kuirudisha. Boneti hupauka, huchubuka kama ngozi iliyoungua, na dawa yake ni kupuliza rangi upya. Kwa mfanyabiashara aliyenunua gari lililotumika kutoka Japani akitarajia kuliuza baadaye, hiyo ni hasara ya moja kwa moja, kwani mnunuzi akiona rangi imerudiwa huanza kuuliza kama gari liliwahi kupata ajali. Kwa kijana aliyeliharibu, malipo ya fundi rangi yanaweza kumeza mapato ya wiki nyingi.

Kipimo cha kitambaa cheupe

Kabla ya kuchagua chochote, ijulikane gari lina rangi ya aina gani. Baadhi ya Land Cruiser za kazi, hasa nyeupe na za rangi ya mchanga, hazina klia. Rangi yenyewe ndiyo uso. Yapo pia magari yaliyopulizwa upya mitaani, na humo unene wa rangi hauna kanuni.

Kipimo chake ni rahisi. Polishi kidogo huwekwa kwenye kitambaa cheupe na kusuguliwa taratibu mahali pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hakuna klia. Gari la aina hiyo linaweza kung'arishwa vizuri sana, ila pedi itajaa rangi upesi na lazima isafishwe mara kwa mara.

Kipimo kingine ni cha ukucha. Ukipitishwa juu ya mkwaruzo ukakwama, mkwaruzo huo ni wa kina na polishi haitauondoa wote. Magari yanayopita kwenye vichaka vya migunga huwa na mikwaruzo mingi ya miiba ya namna hii. Ni afadhali mteja aambiwe mapema kwamba itafifia tu, kuliko kuifukuza mpaka praima ionekane.

Pedi ndiyo inayoamua ukali

Jambo ambalo wanaoanza hawalijui ni kwamba polishi moja hufanya kazi mbili tofauti kutegemea pedi iliyo chini yake. Polishi ya kati kwenye pedi ngumu hukata. Polishi hiyohiyo kwenye pedi laini humalizia.

Pedi za manyoya ya kondoo hukata haraka kuliko sponji na huacha mistari ya duara inayoonekana juani, hasa kwenye gari jeusi. Pedi za maikrofaiba nazo hukata kwa nguvu. Za sponji ndizo rafiki wa anayeanza, na ziko za aina tatu kwa jumla: ngumu ya kukatia, ya kati na laini ya kumalizia. Anayeanza na fedha kidogo anunue nyingi za kati, chache laini, na moja au mbili ngumu za akiba. Ngumu zitakaa sana kabatini, na hilo si hasara.

Asichague kwa rangi ya sponji. Hakuna kanuni ya pamoja kati ya viwanda. Pedi ya bluu ya Rupes, kampuni ya Italia, ni kali ya kukatia, wakati pedi ya bluu katika mfululizo wa CCS wa Lake Country ya Marekani ni laini ya kumalizia. Aliyezoea moja akinunua nyingine kwa kuangalia rangi tu atashangaa juu ya gari la mtu. Kinachosomwa ni maelezo ya pakiti.

Namba za chupa nazo ni mtego. Kwa Menzerna ya Ujerumani, 400 ni kali na 3800 ni laini ya mwisho. Kwa Meguiar's, 105 ni ya kukata na 205 ni ya kumalizia. Namba ya kiwanda kimoja haina uhusiano na ya kingine.

Kwa kazi nyingi za Natta, polishi moja ya kumalizia yenye uwezo kidogo wa kukata inatosha kuanzia. Kompaundi kali inaweza kusubiri mpaka mkono uzoee. Zipo pia zile zinazochanganya polishi na waksi ndani ya chupa moja. Hazitoi matokeo ya juu kabisa, lakini kwa Probox inayobeba magunia ya mahindi kila siku ni chaguo la busara kuliko kazi ya siku mbili.

Dawa ya meno imekuwa na sifa isiyoistahili. Ina unga wa kusugulia, ni kweli, lakini unga huo ulitengenezwa kwa ajili ya meno. Dizeli inayopakwa kwenye bodi ili ing'ae haiondoi mkwaruzo hata mmoja, na ikikutana na vumbi la barabarani matokeo yake yanajulikana.

Grenda ibaki kwa fundi wa kuchomelea

Wapo wanaofunga pedi ya manyoya kwenye grenda ya kukatia vyuma ili kuokoa gharama. Grenda ndogo huzunguka hadi mara 11,000 hivi kwa dakika. Mashine ya kung'arishia ya mzunguko mmoja hufanya kazi kati ya mara 600 na 3,000. Tofauti hiyo ndiyo joto linalounguza klia kwenye kona za boneti na milango, ambako rangi huwa nyembamba zaidi.

Mashine ya kufaa kwa anayeanza ni ile inayozunguka huku ikitikisika, ambayo wauzaji huiita ya mizunguko miwili. Ikikandamizwa kupita kiasi huacha kuzunguka badala ya kuunguza. Mafundi huchora mstari wa kalamu ya wino pembeni mwa kibao kinachoshika pedi. Mstari ukionekana umesimama, mkono umezidi uzito. Nyingi za mashine hizi hutumia wati 500 hadi 1,000, hivyo hata umeme ukikatika jenereta ndogo huweza kuziendesha.

Wakati wa kununua, kipenyo cha kibao kilingane na pedi. Pedi ya inchi 5 haikai salama kwenye kibao cha inchi 6, na kibao kikigusa rangi hukwangua papo hapo.

Vumbi kwanza

Hata polishi nzuri kuliko zote ikikutana na mchanga inakuwa msasa. Kwa mazingira ya Natta hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko yote. Gari limwagiwe maji mengi kabla ya kuguswa, lioshwe kwa sabuni ya magari badala ya ya unga, lisuuzwe na kukaushwa kwa kitambaa laini. Yanayotoka nyanda za kusini mashariki mwa Serengeti huja na vumbi la majivu ya volkano lenye magadi, na hilo lisipotolewa chini ya matao ya magurudumu hualika kutu.

Baada ya kuosha, kiganja kikipita juu ya boneti kikahisi chembe zilizonata, hutumika udongo laini wa kusafishia rangi unaouzwa kwa ajili hiyo, pamoja na maji ya sabuni. Raba, plastiki nyeusi na kona kali hufunikwa kwa tepu ya karatasi, kwa kuwa polishi ikikauka kwenye plastiki nyeusi huacha doa jeupe lisilotoka kirahisi.

Kisha hufanywa jaribio. Kipande cha sentimita 50 kwa 50 hupigwa kwa pedi laini na polishi laini kuliko zote zilizopo. Matone manne au matano madogo yanatosha. Mashine hupitishwa polepole kwenda na kurudi, halafu juu na chini, kila mstari ukigusa nusu ya uliotangulia. Kipande hufutwa na kukaguliwa kwa tochi. Ikiwa mikwaruzo imebaki, hubadilishwa pedi kwanza, polishi baadaye.

Baadhi ya polishi zina mafuta yanayoziba mikwaruzo kwa muda, mteja akaondoka akifurahi na kurudi wiki ya pili akilalamika. Kufuta kipande cha jaribio kwa spiriti iliyochanganywa na maji huonyesha ukweli mapema.

Yote hayo hufanyika kivulini. Bati likiwa na joto la jua polishi hukauka kabla ya kufanya kazi.

Eneo la kuoshea nalo lichaguliwe vyema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito, na maji ya sabuni na polishi hayapaswi kuelekezwa kwenye vijito vinavyonywesha mifugo.

Nta ya nyuki na hesabu ya kazi

Wafugaji wa nyuki huuliza kama nta yao inafaa kumalizia. Inatumika katika baadhi ya mchanganyiko wa waksi, lakini peke yake ni laini. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Sentigredi, na juani hunata vumbi. Ndiyo maana waksi nyingi za magari hutumia nta ya kanauba, itokayo kwenye majani ya mnazi pori wa Brazil, inayoyeyuka kwenye nyuzi 80 na zaidi.

Bei ya kazi ihesabiwe kwa vifaa. Ikiwa gari dogo linamaliza mililita 80 za polishi, chupa ya mililita 240 ni magari matatu tu, na bado kuna pedi zinazochakaa, umeme, tepu na siku nzima ya mtu. Anayetoza bei ya kuosha kwa kazi hii anafanya kazi ya bure.

Aprili na Mei, watalii wanapopungua na magari kuegeshwa, ndio wakati mzuri wa kuzifuata kambi na wenye magari ya utalii. Kikundi cha vijana kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo vijana hutengewa asilimia 4.

Vifaa vikishapatikana, pedi zioshwe kwa maji ya uvuguvugu kila baada ya kazi, zikaushwe kivulini na kufungwa kwenye mfuko safi. Pedi iliyoanguka chini katikati ya kazi huwekwa kando na nyingine kuchukuliwa, hata kama imebaki boneti peke yake.