Kana ya mwituni na stameni yake nusu

Kana imejaa katika bustani za Afrika Mashariki, kwenye viunga vya hoteli na kando ya barabara: majani mapana kama ya mgomba mchanga, maua mekundu au ya manjano kileleni. Wengi huipita bila kuitazama vizuri, na hapo wanakosa mengi.

Lichukue ua moja ulichambue kwa vidole. Nje kuna sepali tatu ndogo, kisha petali tatu nyembamba zilizochongoka ambazo hazina mvuto wowote. Yale mapana yenye rangi kali si petali kamwe. Ni stameni zilizogeuka bapa na kuacha kutoa chavua. Imebaki stameni moja tu yenye kazi, nayo ni nusu: upande mmoja umekuwa kama petali, upande wa pili umebeba kifuko kimoja cha chavua. Ndiyo maana huwezi kulikata ua la kana popote ukapata pande mbili zinazolingana. Zaidi ya hapo, chavua humwagika ndani ya ua kabla halijachanua, ikashikamana na kijiti bapa cha kike kilicho katikati. Ndege au mdudu anayefuata nekta huizoa hapo.

Kana haina ndugu katika familia yake, Cannaceae. Jamaa zake wa mbali kidogo ni tangawizi na mgomba. Wataalamu wa mimea Paul Maas na Hiltje Maas-van de Kamer, katika uchambuzi wao wa mwaka 2008, walitambua spishi 10 tu, zote asili yake bara la Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina.

Kumi hizo hazifanani. Canna flaccida ya vinamasi vya kusini-mashariki mwa Marekani hufungua maua yake laini ya manjano jioni, na jua la kesho yake likipanda hunyauka. Canna glauca, yenye majani membamba ya rangi ya kijivu-kijani, hupenda kusimama majini. Canna iridiflora ya Peru huning'iniza maua ya waridi. Canna indica ndiyo iliyosambaa zaidi duniani, na katika Kenya, Tanzania na Uganda imetoroka bustani ikaota yenyewe kwenye kingo za vijito.

Kana kubwa za mapambo ni machotara. Kazi hiyo ilianzia Ufaransa katika karne ya 19 kwa Théodore Année, kisha Pierre Crozy wa Lyon akaiendeleza. Machotara mengi hayazai mbegu.

Mbegu za kana ya mwituni ni nyeusi, za mviringo na ngumu kiasi cha kutungwa tasbihi. Huko Santa Rosa de Tastil, Argentina, mbegu moja ilikutwa ndani ya ganda la jozi lililokuwa sehemu ya njuga za kale. Vipimo vya kaboni viliipa njuga hiyo umri wa takriban miaka 600, na mbegu ikaota!

Anayetaka kuotesha mbegu aikwaruze kwa msasa mpaka weupe uonekane, kisha ailoweke usiku kucha katika maji ya uvuguvugu. Mashina ya chini ya udongo yanayong'olewa bustanini yasitupwe mtoni, kwa kuwa kipande chenye chipukizi kinatosha kuanzisha kichaka kipya.