Pikipiki ya injeksheni: Pima presha kabla ya kununua pampu

RUBWERA. Tajiri wa pikipiki hapa Rubwera hupata fedha yake kwa njia moja, nayo ni hesabu ambayo dereva huleta jioni. Pikipiki ikilala gereji, hesabu nayo inalala. Ugonjwa unaoweza kuisimamisha kwa siku nne, kisha ukamfanya mwenye mali anunue kipuri kisichokuwa kibovu, unagusa mtaji moja kwa moja. Presha ndogo ya mafuta katika pikipiki za injeksheni ni ugonjwa wa namna hiyo.

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria na magunia ya kahawa katika wilaya za Kyerwa na Karagwe bado ni za kabureta. Mafuta hushuka yenyewe kutoka tenki, na fundi wa kijiweni huimudu kwa bisibisi na spana chache. Lakini India, zinakotoka Boxer na TVS, ilianza kutumia viwango vipya vya moshi mwezi Aprili 2020, na karibu pikipiki zote zinazouzwa huko zikahamia injeksheni. Aina zinazotengenezwa kwa soko la Afrika hazikubanwa na sheria hiyo. Hata hivyo mwekezaji anayevutiwa na injeksheni kwa sababu ya ulaji mdogo wa mafuta ni vema ajue kwamba ananunua pia pampu ya umeme, ambayo kwa kawaida imefichwa ndani ya tenki.

Kazi ya pampu hiyo ni kusukuma petroli hadi kwenye injekta. Kifaa kingine kidogo, regyuleta, huhakikisha presha haipandi kupita kiasi. Kwa pikipiki nyingi ndogo za Honda na Yamaha kiasi hicho ni karibu baa 3, yaani takriban pauni 43 kwa inchi ya mraba, zaidi kidogo ya upepo wa tairi la gari dogo. Injekta hufunguliwa na kompyuta kwa muda uliopangwa. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo: katika pikipiki hizi ndogo kompyuta haipimi presha ya mafuta, inachukulia tu kwamba ipo. Presha ikishuka, injekta hufunguka kwa muda uleule lakini petroli inayotoka ni kidogo. Taa ya injini inaweza isiwake kabisa.

Dereva ndiye huona dalili kwanza. Pikipiki inasumbua kuwaka asubuhi, inakosa nguvu ikipanda mlima na mzigo, au inakatakata mwendo ukiongezwa na kutulia ukipunguzwa. Bahati mbaya dalili hizi hutolewa pia na plagi iliyochoka, filta ya hewa iliyojaa vumbi au betri dhaifu. Ndiyo maana kauli ya fundi kwamba "pampu imekufa", bila kipimo chochote, haitoshi kumfanya mtu afungue pochi.

Kipimo cha kwanza ni bure. Swichi ikifunguliwa kabla ya kuwasha injini, pampu husikika ikivuma kwa sekunde mbili au tatu kisha hunyamaza. Isiposikika, shida huenda iko kwenye umeme: fyuzi, relei, swichi ya kuzimia injini, soketi iliyoingia kutu. Fundi mwenye mita aangalie kama umeme wa betri unafika kwenye soketi ya pampu katika sekunde hizo. Ukifika kamili na pampu ikabaki kimya, hapo inaweza kuhukumiwa. Usipofika, pampu mpya nayo itakaa kimya vilevile.

Ikivuma, isidhaniwe kuwa ni nzima. Sasa inatakiwa geji ya presha yenye kiungo cha njia tatu, ifungwe kati ya mpira wa mafuta na injekta. Kabla ya kufungua mpira, soketi ya pampu ichomolewe na injini iachwe izime yenyewe, la sivyo petroli itaruka kwenye injini ya moto. Sigara isikaribie. Geji isomwe injini ikiwa inanguruma taratibu, halafu gesi ikiongezwa, na isomwe tena baada ya kuzimwa.

Presha ikiwa sawa wakati wote, pampu haina hatia, na uchunguzi uhamie kwenye injekta, plagi na hewa. Ikiwa sawa injini ikinguruma taratibu lakini ikaanguka gesi inapoongezwa, mara nyingi chujio lililo chini ya pampu limeziba, au mpira umekunjwa. Hapo kifuniko cha tenki kifunguliwe na kipimo kirudiwe. Presha ikipanda, kosa ni tundu la hewa la kifuniko, na tiba yake ni kulisafisha. Ikiwa chini tangu mwanzo, umeme unaofika pampu upimwe kwanza, ikiwa inazunguka. Betri iliyochoka huizungusha polepole. Baada ya hapo ndipo regyuleta na pampu yenyewe zishukiwe. Ikianguka haraka baada ya kuzima, kuna vali isiyofunga au injekta inayovuja.

Uchafu unastahili neno la ziada. Petroli ya chupa na madumu inayouzwa mbali na vituo huweza kuwa na maji na mchanga. Kabureta husafishwa ikaendelea na kazi. Pampu ya injeksheni huumia. Ipo pia tabia ya kuzunguka siku nzima na mafuta ya shilingi elfu mbili. Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka, na tenki likiwa karibu tupu hupata joto na kuchakaa mapema. Tajiri anayetaka pampu idumu amwambie dereva asisubiri taa ya akiba.

Kuhusu hesabu, chukua mfano wa tajiri anayepokea shilingi 10,000 kwa siku. Pampu ikiagizwa Mwanza na kufika siku ya nne, ameshapoteza 40,000 kabla ya kulipia kipuri na nauli ya basi. Ikifungwa na ugonjwa ukabaki, kumbe ni chujio, hasara inaanza upya, na maduka mengi hayarudishi kipuri cha umeme kilichokwisha kufungwa. Matajiri watatu au wanne wakichanga geji moja na kumwachia fundi wao, gharama hurudi mapema, mradi viungo vyake viingiane na mipira ya aina zao za pikipiki.

Kwa anayenunua iliyotumika, afike asubuhi injini ikiwa baridi, afungue swichi na kusikiliza kabla muuzaji hajaiwasha, kisha aijaribu mlimani ikiwa na abiria. Muuzaji akikataa geji ifungwe, bei ishuke kwa thamani ya pampu nzima.