Ukimuuliza Kiziwi Alikosomea

Msomaji, ukipanda matatu ya kutoka Thika hadi Ruiru siku shule zinapofungwa, huenda ukawaona vijana waliovaa sare wakizungumza kwa mikono, mmoja ameketi mbele na mwingine nyuma, wala muziki wa dereva hauwakatizi. Usiwakodolee macho. Wanaulizana yale yale ambayo wanao huulizana: uko darasa la ngapi, mwalimu yupi ni mkali, unasomea wapi.

Hilo la mwisho ndilo zito. Wewe lugha uliipata nyumbani, shuleni ukafuata vitabu. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua lugha ya ishara, na mara nyingi ni shuleni wanakoipata lugha kwa mara ya kwanza. Kwao, kuuliza shule ni kama wazee wanavyoulizana ukoo. Isitoshe, ishara za shule moja hutofautiana kidogo na za nyingine, kama vile Mswahili wa Lamu na wa Mombasa wasivyotamka sawa.

Thika ina sifa ya shule maalum: ile ya vipofu, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, na Joytown ya walemavu wa viungo. Ukitaka ya viziwi, inayojulikana sana pande hizi ni ya Kambui, huko Githunguri. Zile za kwanza nchini, Nyang'oma na Mumias, zilianza mapema katika miaka ya 1960.

Waliosoma enzi hizo wana hadithi nyingine kabisa. Walifundishwa kutazama midomo ya mwalimu na kujaribu kutamka. Ishara hazikutakiwa darasani. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1980. Katiba ya 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na mtahiniwa kiziwi wa KCSE anaweza kuifanya badala ya Kiswahili.

Je, utamuulizaje? Mguse bega, simama mbele yake penye mwanga. Kupiga kelele hakusaidii, na hilo jina "bubu" liache kabisa. Neno la kuulizia kwa kawaida huja mwisho: wewe, shule, wapi? Uso nao uulize, si mikono pekee.

Lakini tatizo kubwa haliko kwenye matatu, liko nyumbani. Mtoto hurudi kutoka bweni na habari za muhula mzima: amechaguliwa kiranja, amegombana na rafiki, hesabu zimemshinda. Anakuta jamaa wanaojua ishara tatu tu: njoo, kula, lala. Siku mbili baadaye amenyamaza, anahesabu siku za kurudi shule. Ndugu zake wakicheka mezani anauliza kunani, anaambiwa angoje, na hakuna anayemweleza.

Mzazi, mwalimu unaye papo hapo sebuleni. Mwombe akufundishe ishara kumi jioni ya leo, akianza na ya shule yake.